Pesa Haijasoma

Mdogo wangu hugonga geti kwa kiganja, si kwa ngumi, kwa hiyo hata kwenye mvua ya saa nne usiku nilijua ni yeye. Nilipofungua nilimkuta ameinamia usukani wa pikipiki kama mtu anayesukuma ng'ombe aliyegoma. Helmeti imening'inia mkononi, maji yanamchuruzika kutoka kisogoni hadi ndani ya jaketi. Alikuwa ameisukuma tangu Banda hadi kwangu Kireka, na pikipiki ya umeme, kwa ambao hawajawahi kuisukuma, ni mzigo wa watu wawili.

"Betri imeisha?"

"Betri ina asilimia sitini na mbili."

Akapangusa dashibodi kwa mkono wa jaketi ili nijionee. Kweli, 62. Taa inawaka, indiketa inapiga, honi inalia. Kila kitu kizima isipokuwa safari.

Mchana ule alikuwa amelipa rejesho la wiki kwa simu. Ujumbe wa kuthibitisha aliupata, akanionyesha, saa na dakika ziko pale. Lakini kwenye kompyuta za kampuni iliyomkopesha, pesa ile haikuwa imesoma. Ilipofika usiku mfumo ukamhesabu mdaiwa, ukatuma amri kupitia mtandao wa simu, na amri ikamkuta Banda amesimama kupisha lori. Lori likapita. Yeye akabaki palepale, na nyuma yake kampakia mama muuza rolex, zile chapati za mayai, mwenye trei tatu za mayai mapajani. Mama akasubiri kidogo, akashuka, akajitwika mayai yake, akaenda zake kwa miguu bila kulipa. Mdogo wangu hakuthubutu kumdai.

Tukapiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole kuliko sisi.

"Ssebo, naona pesa haijasoma. Tusubiri mfumo usome."

Ulisoma kesho yake saa tano asubuhi, bila pole.

Hii ni wiki ya sita, na neno hilo bado linanigonga kwa kiganja.

## Mimi ndiye niliyemshauri

Nianze na mkono wangu katika jambo hili. Mwaka juzi nilimkalisha na daftari tukapiga hesabu. Boxer yake ilikuwa inakunywa petroli ya kama shilingi 20,000 kwa siku, ukiacha oili, plagi na mnyororo. Kubadilisha betri kwenye kituo kungemgharimu pungufu ya hapo, na injini ya kufunguafungua haipo. Akauza Boxer, akatoa malipo ya kwanza. Nilijiona kaka mkubwa kweli.

Wala haikuwa hesabu ya shilingi peke yake. Sisi tumezaliwa Malaba. Utoto wetu tuliupima kwa malori ya mafuta yanayongoja kuvuka kutoka upande wa Kenya, na tulijua kabla ya watu wa Kampala siku ambayo petroli itapanda, kwa kutazama tu urefu wa foleni. Januari 2022 madereva waligoma pale mpakani kwa sababu ya vipimo vya Covid, na baada ya siku chache lita moja ikafika shilingi 10,000 sehemu nyingine za nchi, na kupita. Mdogo wangu akalaza pikipiki. Na siku zote hizo maji ya Nile yalikuwa yanapita Jinja yakizungusha mitambo ya Nalubaale kama yalivyofanya tangu 1954, na ya Bujagali tangu 2012. Baadaye, mwaka 2024, Karuma nayo ikazinduliwa, megawati 600. Petroli yetu inapanda meli hadi Mombasa ndipo ianze safari ya nchi kavu. Umeme wetu unashuka na mto.

Halafu kuna hewa. Wanaoendesha boda Jinja Road wanajua leso inavyorudi nyumbani jioni. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo, unaounda vipima-hewa hapa hapa Kampala, vinavyostahimili vumbi na joto letu, na vingine vimewahi kufungwa kwenye boda zenyewe ili vipime hewa vikitembea. Vipimo vya Kampala vinazidi kwa mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho tangu 2021 ni mikrogramu 5 za chembe laini kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka.

Programu za AirQo ziko wazi mtandaoni. Mimi natengeneza tovuti, ndiyo kazi inayonilisha, na usiku mmoja nilizifungua nikazisoma kama mtu anavyosoma gazeti la zamani: naruka hapa, nasimama pale. Kwa hiyo hali yangu ndiyo hii. Chombo kinachopima moshi anaouvuta mdogo wangu naweza kukisoma mstari kwa mstari. Chombo kinachombeba, ambacho analipia kila wiki, sina ruhusa ya kusoma hata herufi.

## Kisekka

Jumamosi tuliipeleka soko la Kisekka, kwa mzee aliyekuwa akiitibu ile Boxer. Huyu ni fundi anayesikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, kisha anakuambia valvu ipi inalalamika. Akaizunguka pikipiki mara mbili. Akagusa kisanduku kinachoendesha mota: kimemiminiwa gundi ngumu ndani, hakina skrubu. Akaigeukia betri: imezibwa pande zote, na kibandiko kinasema ukifungua umepoteza dhamana.

Akafuta mikono, japo haikuwa imechafuka.

"Gari likinishinda," akasema, "hunishinda kwa akili. Hii imenishinda kwa ruhusa."

Ndani ya betri za kubadilishana, pamoja na seli zenyewe, mna kompyuta ndogo inayopima joto na volti za seli, na mara nyingi mna laini ya simu na GPS. Kompyuta hiyo ndiyo inayoamua umeme utoke au usitoke. Joto likizidi, inakata. Seli zikishuka mno, inakata. Na neno likija kutoka kwenye seva, inakata vilevile, kwa mkono uleule.

Mlinzi wa moto na mtoza madeni wamevaa sare moja.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu mlinzi wa moto namtaka. Betri ya lithiamu si ya kufunguliwa kwa nyundo chini ya mwembe. Hata zile za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti na zinavumilia joto kuliko ndugu zake, zikipigwa shoti ndani zinaweza kumuunguza mtu vibaya. Kampuni ikisema "usiguse" kwa ajili hiyo, inasema kweli. Tatizo ni kwamba neno "usiguse" likishatamkwa kwa ajili ya moto, linatumika bure kwa ajili ya mengine yote.

Mzee wa Kisekka hakudai chochote siku ile. Jambo hilo lilimuuma mdogo wangu kuliko kama angedai.

## Waliobaki na chuma

Usiku nikaanza kutafuta: hivi kampuni ikifa, inakuwaje?

Julai 2023 VanMoof ya Amsterdam ilitangazwa kufilisika. Walikuwa wanauza baiskeli za umeme za kifahari ambazo kufuli na mambo yake mengi yaliendeshwa kwa simu, na funguo za kidijitali zilikaa kwenye seva za kampuni. Wenye baiskeli wakashikwa na hofu: seva zikizimwa, nitawasha nini? Waliowaokoa mwanzoni ni washindani, Cowboy wa Ubelgiji, ambao mafundi wao ndani ya siku chache walitengeneza programu ya kuchukua ufunguo wako na kuuhifadhi kwenye simu yako kabla mambo hayajaharibika. Waliowahi, waliwahi. Baadaye VanMoof ikapata mnunuzi.

Mwaka uliofuata, Juni 2024, ikafilisika Fisker ya Marekani, yenye magari ya umeme aina ya Ocean. Kampuni moja ya New York, inayokodisha magari kwa madereva wa teksi za mtandaoni, ikajitokeza kununua zaidi ya magari 3,000 yaliyobaki. Kisha ikaja kuambiwa kwamba taarifa za magari hayo haziwezi kuhamishwa kutoka kwenye seva za Fisker kwenda seva nyingine. Mahakamani ikalalamika. Nilisoma hiyo habari mara mbili. Watu wale si waendesha boda wa Banda wasio na wakili. Walikuwa na mamilioni ya dola, na bado walijikuta wameshika chuma.

Sasa linganisha na hili. Mwanzoni mwa 2003 kulikuwa na programu ya kuandikia blogu iitwayo b2, na Mfaransa aliyeitengeneza, Michel Valdrighi, alikuwa amepotea, hajibu, hasasishi. Kijana wa miaka 19 huko Texas, Matt Mullenweg, akaandika kwamba programu anayoitegemea imeachwa yatima. Lakini b2 ilikuwa na leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuichukua na kuiendeleza. Mwingereza mmoja, Mike Little, akamjibu kwamba yuko tayari kusaidia. Mei mwaka huohuo wakatoa toleo la kwanza la WordPress, ambayo leo inaendesha tovuti zaidi ya nne katika kila kumi duniani, zikiwemo karibu zote nilizowahi kutengeneza mimi.

Mwenye kitu alitoweka, kitu kikaishi.

Basi nikajiona nimepata jibu. Nikamwandikia mdogo wangu ujumbe mrefu saa nane usiku: tatizo ni kufuli, dawa ni programu huria. Akanijibu asubuhi kwa kidole gumba.

## Nanasi

Jibu langu lilidumu siku tatu hivi, mpaka nilipokumbuka nilichokuwa nikifanya Septemba 2024.

Mwezi ule nilikuwa natazama, kama watengeneza tovuti wote ninaowafahamu, Mullenweg huyohuyo, sasa mtu mzima mwenye kampuni yake, akigombana hadharani na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress. Aliiita saratani. Alidai inafaidi bila kurudisha, na kwamba ilipie jina la kibiashara kwa asilimia 8 ya mapato. Kudai ni haki yake. Lakini tarehe 25 Septemba akaifungia mlango wa WordPress.org, tovuti inayogawa programu na masasisho yake, na wateja wa WP Engine, watu waliokuwa hawana habari ya ugomvi wowote, wakashindwa kusasisha plagini zao, yaani programu ndogo za nyongeza, kwa njia ya kawaida. Oktoba akatwaa ukurasa wa plagini yao moja maarufu na kuipa jina jingine. Desemba jaji wa California akaamuru mambo yarudishwe yalivyokuwa.

Programu yenyewe? Ilibaki huria muda wote. Hakuna herufi ya leseni iliyovunjwa. Ila kila tovuti ya WordPress, ya kwangu na ya jirani, ilikuwa imezoea kuchota masasisho kwenye kisima kimoja, na kisima kilikuwa cha mtu mmoja.

Katikati ya vurugu ile, ukitaka kuingia WordPress.org ulitakiwa kuweka alama kwamba huna uhusiano na WP Engine. Mahakama ilipokataza, kisanduku kikabadilishwa: sasa ukatakiwa kukiri kwamba nanasi ni tamu juu ya piza. Nilicheka sana siku hiyo. Mimi mtu wa nchi ya mananasi ya Kayunga, nikaweka alama na kupita. Leo nikikumbuka, sicheki vilevile. Mtu mwenye mlango alikuwa anatuonyesha kwamba ni wake, na kwamba anaweza kutuuliza lolote.

Kwenye magari wana mchezo wao unaofanana na huo. Mwaka 2014 Tesla ilitangaza kwamba haitawashtaki watakaotumia hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, kwa nia njema, na dunia ikapiga makofi. Toyota ikafuata 2019 na hataza karibu 24,000 za magari ya hibridi. Vizuri. Lakini hataza iliyofunguliwa ni ruhusa ya kujenga kiwanda chako. Haimfungulii mzee wa Kisekka kisanduku kilicho mbele yake.

Walioliona hili mapema ni watu wa programu huria wenyewe, na liliwagawa vibaya. Kulikuwa na kirekodi cha televisheni cha Marekani, TiVo, kilichotumia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kampuni ilitoa msimbo, yaani maandishi ya programu, kama leseni inavyotaka, ila kifaa kilikataa kuwaka ukiubadilisha. Ulikuwa na haki ya kusoma, huna haki ya kutumia ulichosoma. Mwaka 2007 toleo la tatu la GPL likaongeza sharti: ukiuza kifaa cha nyumbani chenye programu hii, mpe mnunuzi pia kinachohitajika kuweka toleo lake. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakataa kuihamishia huko. Kwake yeye, leseni idai msimbo urudishwe, mambo ya vyuma muachie mwenye vyuma. Nilipokuwa mwanafunzi nilimuunga mkono kwa kelele nyingi. Sikuwa na mdogo mwenye pikipiki.

## "Kufuli hilo ndilo linanirudisha nyumbani"

Nilimweleza yote haya mdogo wangu tukila mihogo kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni adimu.

"Kaka," akasema, "unajua kwa nini silali na hofu tena?"

Akanikumbusha rafiki yake wa steji ya zamani, aliyekodiwa usiku na watu wawili waliotaka kupelekwa njia ya Gayaza. Aliokotwa asubuhi. Pikipiki haikuonekana tena. Boxer ikishavuka vijiji viwili inakuwa vipuri, na vipuri havina mwenyewe. Ya umeme wezi hawaitaki: inaonekana kwenye ramani, inazimwa kwa mbali, na betri yake haichaji kwa waya wa nyumbani.

"Kufuli hilo unalolitukana ndilo linanirudisha nyumbani. Na ndilo lililonipa mkopo. Wewe unadhani ningekopeshwa na nani, mimi, bila ardhi wala mshahara? Wanakopesha kwa sababu wanaweza kuzima."

Sikuwa na la kusema. Nikamenya muhogo ambao ulikuwa umeshamenywa.

Kisha akatua kidole chake mezani, taratibu.

"Halafu, na wewe je? Si uliifunga tovuti ya Madamu?"

## Ukurasa mweupe

Ni kweli.

Kuna shule moja Tororo niliyoitengenezea tovuti. Jina la tovuti nililisajili kwa akaunti yangu, seva nililipia kwa kadi yangu, nenosiri nilikuwa nalo mimi peke yangu. Si kwa hila. Ndivyo tunavyofanya wengi: mteja hataki kusumbuliwa na mambo hayo, na wewe ukiyashika unakuwa na uhakika atarudi. Mwaka mmoja shule ilichelewa kunilipa shilingi 350,000. Nikapiga simu, nikatuma ujumbe, nikapiga tena. Januari, matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yametoka, wazazi wanatafuta fomu na orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza, nikaona huo ndio wakati wenyewe. Nikaweka ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: tovuti imesimamishwa, wasiliana na mtoa huduma.

Mwalimu Mkuu alinipigia siku hiyohiyo. Alisema mhasibu ameshatuma pesa benki juzi.

Nikamwambia, na sauti yangu naikumbuka ilivyokuwa ya upole, "Madamu, bado haijaonekana kwangu. Tusubiri."

Tulisubiri siku nne.

Sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili mpaka ule usiku wa mihogo. Na programu niliyoifungia shule ile ilikuwa ni WordPress, yenye leseni ileile niliyokuwa nikimhubiria mdogo wangu saa nane za usiku. Madamu alikuwa na haki zote nne za programu huria: kuitumia, kuisoma, kuibadilisha, kuigawa. Alichokosa ni nenosiri langu.

## Kurasa saba

Baada ya hapo nikaacha kusoma habari za California nikasoma mkataba wa mdogo wangu. Kurasa saba, herufi za mchwa. Siku ya kulipa ipo. Adhabu ya kuchelewa ipo. Haki ya kampuni kuzima chombo ipo, mara tatu, kwa maneno tofauti. Nikatafuta siku ya rejesho la mwisho: chombo kinakuwa mali ya mteja. Vizuri. Je, uwezo wa kuzima nao unaondoka siku hiyo? Hakuna neno. Kampuni ikifungwa? Hakuna neno. Na betri zenyewe hazimo kabisa katika mauzo. Ni za kampuni milele, wewe unaazima moto tu.

Kijana wa kituo cha betri, tuliyezoeana naye, aliniambia mfumo wao wa seva umejengwa kwa vitu vya bure tupu: Linux, hifadhidata huria, kila kitu. Alisema kwa fahari, na ana haki ya kujivunia. GPL ya kawaida haimlazimishi anayetumia programu kwenye seva yake kumwonyesha mtu chochote, kwa sababu hajaigawa, anaitumia tu. Ndiyo maana iliandikwa leseni ya AGPL, ambayo toleo lake la tatu lilitoka 2007 hiyohiyo, kuziba tundu hilo. Lakini hata wangeniwekea msimbo wote mezani, pikipiki ingesubiri neno kutoka seva ileile, yenye ufunguo uleule.

Nadhani ninachokitaka ni kidogo kuliko nilivyodhani mwanzoni, na kigumu zaidi. Mtu akinunua kiwanja huku kwetu, karatasi inasainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye anabaki na nakala, ili muuzaji akifa au akigeuka, kuwe na mtu wa tatu anayejua. Pikipiki hizi hazina mwenyekiti. Ufunguo wa kuzima kwa ajili ya deni ungeweza kuwekwa mahali pa namna hiyo, utoke kwenye mikono ya mkopeshaji siku deni linapoisha au kampuni inapokufa, na ule wa wizi ubaki kwa mwenye pikipiki. Kwa hesabu za kompyuta hilo si jambo la ajabu. Kabla ya kuzima chombo cha mtu aliye na ujumbe wa malipo mkononi, mfumo ungempa hadi kesho yake. Nalo si la ajabu.

Nilimsomea mdogo wangu hayo nikitaka sifa. Akauliza: "Na wakikubali, riba itapanda?"

Huenda. Sijui kama yuko tayari kulipia, na si mimi ninayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda steji.

## Tororo

Alhamisi iliyopita nilipanda basi kwenda Tororo. Nilikuwa nimehamisha jina la tovuti kwa jina la shule, nikaandika kila kitu kwenye daftari la kurasa 48: seva iko wapi, inalipiwa lini, nakala rudufu zinachukuliwaje, ukikwama umpigie nani asiye mimi. Nilichora hata mishale.

Madamu alinikaribisha ofisini, akaagiza chai. Kuhusu ule ukurasa mweupe hakusema kitu, nami nilipoanza kuomba radhi akasogeza sahani ya karanga upande wangu. Akafungua daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa huku miwani imeshuka puani, kama anavyopitia kazi ya mtoto anayemshuku.

"Na nikikosea nikaiharibu?"

Ni swali lile la kibandiko cha betri. Nilikuwa nimeandaa mengi njiani, kuhusu nakala rudufu na jinsi ya kurudisha. Nikasema tu kwamba inaweza kuharibika, ndiyo.

Akatikisa kichwa polepole. Akavuta kompyuta ya ofisi karibu yake, nikamwelekeza mpaka ukurasa wa kubadilisha nenosiri. Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi. Akanitazama juu ya miwani.

"Geuka, mwanangu."

Nikageukia dirishani. Mwamba wa Tororo ulikuwa umefunikwa na wingu nusu, watoto wanacheza chini ya mti wa jakaranda, na nyuma yangu nikasikia herufi zikiingia moja moja, kwa kidole kimoja, bila haraka yoyote.